Polandi: Kila Kitu Kina Bei Mbili

Ndugu wanaofikiria kuhamia Polandi, kwa masomo au kwa kazi, hunipigia wakiwa na swali moja: maisha huko ni ghali? Jibu langu huwaudhi. Inategemea una karatasi gani. Tikiti ya tramu ina bei mbili, siagi ina bei mbili, saa moja ya kazi ina malipo mawili, na dawa ileile kwa mfamasia yuleyule ina bei mbili. Anayelipa ile ya juu aghalabu si tajiri. Ni mgeni ambaye hajaambiwa.

Kwanza kipimo. Mwaka 2025 zloti moja ilikuwa kama shilingi 35 za Kenya, na ukianza kuzidisha kila mkate kwa 35 utalala njaa. Zipime bei za hapa kwa mishahara ya hapa. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa zloti 4,666 kabla ya makato. Mkononi zilibaki kama 3,500. Mwaka 2026 kikapanda hadi 4,806. Ile 3,500 ndiyo mizani yangu katika yote yanayofuata.

Nyumba ndiyo inayomeza fedha, na ndiyo yenye hesabu iliyofichika kuliko zote. Tangazo litasema zloti 2,400, kisha kwa herufi ndogo: „plus czynsz, plus media”. Zile 2,400 ni za mwenye nyumba. Czynsz ni fedha inayokwenda kwa uongozi wa jengo: usafi wa ngazi, lifti, takataka, mfuko wa matengenezo, na mara nyingi malipo ya awali ya maji na joto. Media ni umeme, gesi na intaneti. Ukijumlisha, nyumba ya 2,400 yaweza kukufikisha 3,200 bila shida, na hapo hujaweka amana, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, wala ujira wa dalali, ambao nao mara nyingi hulingana na kodi ya mwezi. Kwa hiyo unapolinganisha matangazo mawili, usitazame namba ya juu. Muulize mwenye nyumba jumla ya mwezi wa Januari. Januari ndiyo inayosema kweli.

Inasema kweli kwa sababu ya joto. Majengo mengi ya mjini yameungwa kwenye mtandao wa joto wa mji: maji ya moto hutoka kwenye mitambo mikubwa na kupita kwenye mabomba hadi sebuleni kwako. Mtandao wa Warszawa ni miongoni mwa mikubwa zaidi katika Umoja wa Ulaya. Nyumba ya namna hiyo, hata ikiwa kwenye yale maghorofa ya zege ya enzi za ukomunisti ambayo watu huyadharau kwa sura, huwa na gharama inayotabirika. Kinyume chake ni nyumba ya kale katikati ya mji, zile kamienica zenye dari ndefu na madirisha mazuri ya kupigia picha, ambayo inapashwa joto kwa umeme. Kodi yake yaweza kuwa chini kwa zloti 300, na mgeni akadhani ameokota dodo. Baridi ikifika, umeme unazirudisha zile 300 pamoja na riba. Mimi ningechagua ghorofa la zege lililokarabatiwa kabla ya kamienica yenye hita ya umeme, na sioni haya kulisema.

Kuna jambo jingine ambalo waliozoea luku, umeme wa kulipia kabla, hawalitarajii. Maji na joto unalipia makadirio kila mwezi, kisha mwishoni mwa kipindi hesabu halisi inapigwa. Ukitumia kidogo unarudishiwa. Ukizidisha, inakuja barua ya kudai nyongeza, na yaweza kukukuta umeshahama, mwenye nyumba akiwa bado ameshika amana yako. Piga picha za mita siku ya kuingia na siku ya kutoka.

Halafu mkataba. Wenye nyumba wengi siku hizi wanataka mkataba uitwao najem okazjonalny, ambao unawarahisishia kumtoa mpangaji asiyelipa. Mpangaji anatakiwa kutia saini tamko mbele ya mthibitishaji wa umma, na kutaja nyumba nyingine atakayohamia akitolewa, pamoja na idhini ya maandishi ya mwenye nyumba hiyo. Mpolandi anamtaja shangazi yake. Wewe shangazi yako yuko Tanga. Wapo wanaouza anwani za namna hiyo mtandaoni, nami sishauri kuzigusa, kwa maana unatia saini juu ya jambo unalojua si kweli. Iliyo salama ni kutafuta mwenye nyumba anayekubali mkataba wa kawaida, au kuanza na chumba kwenye nyumba ya pamoja, au bweni la chuo kama ni mwanafunzi. Bweni ndilo chaguo la chini kabisa kwa bei, na joto limo ndani ya kodi. Ukikosa bweni, fikiria mji mwingine. Łódź iko umbali wa saa moja na ushei kwa treni kutoka Warszawa na kodi zake ni za chini waziwazi, na Lublin, mji uliojaa wanafunzi, vilevile.

Tuje sokoni. Biedronka, mali ya kampuni ya Kireno ya Jerónimo Martins, iko kila kona. Lidl yaifuata, na baina ya hizo mbili tofauti ya kikapu kizima ni ndogo. Tofauti kubwa iko kati ya mwenye programu ya duka kwenye simu na asiyekuwa nayo. Bei iliyoandikwa kwa namba kubwa nyekundu mara nyingi ni ya wenye kadi, au ni ya anayenunua vitu viwili au vitatu kwa pamoja. Bei ya kipande kimoja bila kadi imeandikwa pembeni, kwa herufi za kutafutia miwani. Kujiandikisha ni bure. Gharama yake ni kwamba duka litajua unakula nini.

Sheria, hata hivyo, imempa mnunuzi silaha tatu, nazo hazidai kadi. Kibandiko lazima kionyeshe bei kwa kilo au kwa lita, na hiyo ndiyo ya kusoma. Tangu tarehe 1 Januari 2023, duka linalotangaza punguzo lazima litaje bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Hapo utagundua kwamba punguzo la asilimia 40 la leo lilikuwa bei ya kawaida wiki tatu zilizopita. Na bei ya rafuni ikitofautiana na ya kaunta, una haki ya kulipa ile inayokufaa wewe. Si haki ya kwenye karatasi tu: mwaka 2020 mamlaka ya kulinda ushindani na walaji, UOKiK, iliitoza kampuni inayoendesha Biedronka faini ya zloti milioni 115 kwa sababu ya tofauti za namna hiyo. Soma risiti kabla hujatoka mlangoni.

Żabka, yale maduka madogo ya kijani, ni habari nyingine. Ni ya karibu, na yapo mengi yanayofungua Jumapili, siku ambayo maduka makubwa karibu yote hufungwa kwa sheria iliyoanza mwaka 2018. Huo ukaribu unaulipia. Anayefanya manunuzi Jumamosi na anayekimbilia Żabka Jumapili wanaweza kula chakula kilekile kwa bei mbili tofauti kabisa.

Sasa ugali, maana najua ndilo swali lenyewe. Unga mweupe wa mahindi hupatikana kwenye maduka ya Kiafrika ya Warszawa na mtandaoni, kwa bei ya mara kadhaa ya nafaka za kienyeji. Mbadala wake ni kaszka kukurydziana, chenga laini za mahindi ya njano, iliyopo kila supamaketi. Inatoa ugali wa njano, mtamu kidogo, unaoshikana vizuri ukivumilia moto mdogo. Wengine hutumia semolina, mimi simo. Sukuma wiki ipo kwa jina la jarmuż, imeshakatwakatwa na kutiwa kwenye mfuko, lakini kabichi ndiyo mboga ya watu: majira ya vuli unabeba kichwa kizito kwa fedha kidogo. Firigisi na maini ya kuku ni rahisi sana kwa kuwa Wapolandi wengi wanataka kidari, na makrili ya kuokwa kwa moshi inafanya mchuzi wa nazi wa heshima. Nyama ya nguruwe ndiyo iliyotawala, kwa hiyo Mwislamu atatafuta bucha za Waturuki na Waarabu, akilipa zaidi na kusafiri zaidi. Hiyo aiweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Maji usinunue. Ya bomba yananyweka.

Ukinunua kinywaji, weka chupa. Tangu Oktoba 2025 chupa ya plastiki au kopo lenye alama ya kaucja lina rehani ya senti 50 za Kipolandi, na chupa ya glasi ya kurudishwa zloti moja. Mashine ya dukani hairudishi kitu kwa chupa iliyokunjwakunjwa.

Kwa anayetaka kula nje, mgahawa wa kawaida na kebabu vimepanda bei hata Wapolandi wenyewe wanalalama. Kimbilio ni bar mleczny, mgahawa wa foleni na trei, ambao hauna pombe wala madoido. Serikali huchangia gharama za vyakula vya maziwa, unga na mboga, si nyama. Kwa hiyo supu, pierogi za viazi na jibini, na chapati za kumimina ndizo zenye bei ya kuchekesha. Ukiongeza kipande cha nyama unarudi kwenye bei za dunia. Chai italetwa na limau. Ukiomba maziwa utatazamwa kwa huruma, kwani hapa chai ya maziwa inajulikana zaidi kuwa kinywaji cha mama anayenyonyesha.

Usafiri unahitaji penseli tu. Mwaka 2025, Warszawa, tikiti ya dakika 75 ilikuwa zloti 4.40 na ya siku 30 kwenye ukanda wa kwanza 110. Gawanya: ukipanda mara 25 kwa mwezi, ya mwezi imejilipa. Lakini anayelipa kodi yake ya mapato Warszawa alitoa 98, na mwanafunzi aliye chini ya miaka 26 mwenye kitambulisho cha chuo cha Polandi alitoa nusu, 55. Kitambulisho hichohicho kinapunguza nauli ya treni kwa asilimia 51. Kutoka Warszawa kwenda Kraków, treni ya kasi ya Pendolino huchukua kama saa mbili na nusu, na nauli yake yaweza kuwa zaidi ya maradufu ya treni ya IC ya kawaida inayochelewa kidogo tu. Bila mwajiri wa kukulipia, sioni sababu ya kuipanda.

Kazi na afya ni hesabu moja, ingawa watu huzipiga kando kando. Mwanafunzi wa chini ya miaka 26 akipewa umowa zlecenie, mkataba usio wa ajira kamili, halipi bima ya jamii, na kodi ya mapato haimgusi hadi kiwango cha zloti 85,528 kwa mwaka. Kiwango cha chini cha mwaka 2025, zloti 30.50 kwa saa, alikipata kizima. Mwenzake mwenye umri wa miaka 30 aliyesimama naye kwenye mashine ileile alikatwa. Kijana anafurahi, hadi siku anapougua: mkataba huo haumpi likizo ya kulipwa wala bima ya afya. Mwenzake mwenye umowa o pracę, mkataba kamili wa ajira, anavyo vyote, na likizo yake ni siku 20 au 26 kwa mwaka.

Dawa ya tatizo hilo kwa mwanafunzi ni kujiunga kwa hiari na mfuko wa taifa, NFZ, kwa mchango wa kila mwezi. Bima za kampuni binafsi zinavutia kwa kuwa foleni za mabingwa wa NFZ ni za miezi, nazo hospitali binafsi humwona mtu wiki hiyohiyo, kwa zloti 200 au 300 akilipa mwenyewe. Ila punguzo la dawa za cheti ni la mwanachama wa NFZ. Mwenye pumu au kisukari anayetegemea bima binafsi peke yake atalipa dawa kwa bei kamili, mwezi baada ya mwezi. Kama fedha inatosha kimoja tu, chagua NFZ.

Simu hazina maneno mengi: laini ya kulipia kabla husajiliwa kwa pasipoti, na vifurushi vya mwezi ni nafuu vya kutosha hata usihangaike kulinganisha. BLIK, iliyoanza mwaka 2015, ndiyo M-Pesa yao, isipokuwa haina wakala. Lazima uwe na akaunti ya benki. Fungua yenye masharti machache, usiyotozwa mwezi ambao mshahara haukuingia.

Nguo ni eneo ambalo sisi tumefuzu tangu nyumbani. Lumpeks ni duka la mitumba, na Polandi ni moja ya vituo vikubwa vya Ulaya vya kuchambua na kusafirisha mitumba, pamoja na ile inayofika Afrika. Marobota unayaona huku kabla hayajafungwa. Bei huwa kwa kilo, na hushuka kila siku tangu mzigo mpya ufike hadi mwingine uje. Siku ya mzigo kuna foleni na chaguo. Siku ya mwisho kuna bei. Koti zito la baridi, ambalo jipya lingekula sehemu kubwa ya wiki ya kazi, lifuate siku ya mzigo na ulipe bila kusubiri ishuke, kwa kuwa lenye zipu nzima halifiki siku ya mwisho. Sweta na skafu zisubirie. Buti nunua jipya, namba moja juu ya unayovaa, ili soksi ya sufu ienee.