Shimo la kupima udongo litangulie msingi

ANAYENUNUA ploti Kitale mwezi Januari huikuta ardhi imekauka, ngumu kama sakafu. Fundi naye, kwa kuiamini, huanza kuchimba msingi papo hapo. Hata hivyo, mvua za maeneo haya yaliyo chini ya Mlima Elgon huanza Machi au Aprili na kuendelea kwa miezi mingi, na maji ya chini ya ardhi hupanda pamoja nazo.

Maji hayo yakifikia usawa wa msingi, udongo wa kichanga unaweza kupoteza takriban nusu ya uwezo wake wa kubeba uzito. Udongo mweusi wa mabondeni hufura ukilowa na kunywea ukikauka, hata kuta zikapasuka.

Kwa nyumba ya kawaida, mhandisi huchimbisha shimo linalopita kina cha msingi uliokusudiwa, akakagua tabaka za udongo na kuona maji yanakusanyika wapi. Kwa ghorofa, ardhi hutobolewa kwa mashine. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha sentimita 76. Idadi ya mapigo ya kuzamisha bomba la chuma sentimita 30 huonyesha uimara wa udongo.

Kule Bungoma, jirani mwenye kisima ni shahidi mwema: maji yake hufika wapi mwezi Agosti, na wapi Februari? Kina cha msingi wake, lakini, kisiigwe. Ploti yake huenda iko mteremkoni, nawe umenunua kando ya kinamasi. Maji yakiwa karibu, mhandisi ataupanua msingi, atauteremsha hadi tabaka gumu, au ataagiza mitaro ya kuyaondoa.