Samaki-Mrija: Anakaa Wapi, na Kwa Nini Tumjali?



Kama unakaa pwani, bila shaka umewahi kumwona. Ni samaki mwembamba kama kijiti, na mwili wake ni mgumu. Akinaswa wavuni, wavuvi humtupa. Hafai kwa mchuzi, maana hana nyama. Wavuvi wa kila sehemu wana namna yao ya kumwita. Hapa tutamwita samaki-mrija, kwa sababu mdomo wake ni mfano wa mrija wa kunywea.

Samaki huyu hana bei katika soko letu. Lakini mahali anapokaa ndipo wanapokulia tasi, changu na kamba. Kwa hiyo tukijua habari zake, tutajua pia habari za kitoweo chetu.

NI SAMAKI WA NAMNA GANI?

Samaki-mrija ni ndugu wa farasi-bahari. Ukoo wao una aina karibu 300 duniani. Hana magamba kama ya changu. Mwili wake umezungukwa na pete za mfupa, kuanzia nyuma ya kichwa mpaka mkiani. Hana meno. Anakula vijidudu vidogo vya majini, vingi vikiwa jamii ya kamba. Hukisogelea kijidudu polepole, akaelekeza mdomo, akavuta maji kwa nguvu. Mara kijidudu kimo ndani!

Tena kuna jambo la ajabu. Katika ukoo huu dume ndiye anayebeba mayai. Jike huyaweka kwenye mwili wa dume, tumboni au chini ya mkia. Madume wa aina nyingine wana mfuko wa kuyatia. Wengine mayai yanabandikwa tu juu ya ngozi. Dume hutembea nayo mpaka yaanguliwe. Haya akina baba, mnasemaje?

Basi, samaki huyu si hodari wa kuogelea. Mapezi yake ni madogo. Adui akija, hawezi kukimbia mbali. Kinga yake kubwa ni kujificha. Ndiyo sababu kila anapokaa pana kitu cha kumficha.

ANAKAA WAPI?

Kwanza, katika majani ya baharini. Haya ni yale majani yanayoonekana maji yakitoka wakati wa bamvua. Watu wengine huyachanganya na mwani, lakini ni vitu viwili mbalimbali. Majani ya baharini yana mizizi, na yanatoa maua na mbegu kama mimea ya nchi kavu. Aina moja ina majani yanayoweza kupita urefu wa meta 1. Humo anakaa samaki-mrija mmoja wa rangi ya kijani au kahawia, ambaye anaweza kufikia sentimeta 28 hivi. Ncha ya mkia wake hujizungusha kwenye jani na kulishika, asichukuliwe na maji. Akitulia hapo, utadhani naye ni jani. Samaki huyu anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu, kupita pwani yetu ya Afrika Mashariki, hadi Japani na Australia.

Pili, kwenye matumbawe. Hapo wapo wadogo wenye mistari, wanaotambaa juu ya mawe na mchanga. Wengine hujificha katika nyufa. Mmoja wao, mwenye mstari wa buluu, huwasafisha samaki wengine kwa kuwatoa wadudu waliowaganda mwilini.

Tatu, kwenye mikoko na midomo ya mito. Wako wanaostahimili maji ya chumvi yaliyochanganyika na maji baridi. Wengine hupanda mtoni kabisa.

Nne, chini kwenye mchanga na matope, kina cha makumi ya meta. Huko kuna samaki-mrija mrefu anayelala kama kijiti kilichodondoka. Meli zinazokokota nyavu za kamba huweza kumzoa.

Tano, katika bahari kuu. Huko mbali na nchi kavu, mtu angeuliza, atajificha wapi? Katika Bahari ya Atlantiki kuna mwani unaoelea juu ya maji. Aina moja ya samaki-mrija huishi ndani ya mwani huo na kusafiri nao.

MAKAO YANAWEZA KUBADILIKA

Mambo ya bahari hayakai vilevile siku zote. Huko kaskazini mwa Ulaya, aina moja ilizoeleka zaidi kwenye mimea ya karibu na pwani. Kuanzia mwaka 2003 hivi samaki hao walionekana kwa wingi sana mbali na pwani. Ndege wa baharini wakawakamata na kuwapelekea makinda yao. Lakini samaki huyu ni mgumu na hana shibe. Makinda mengine yalikabwa naye kooni, na viotani walionekana samaki waliobaki bila kuliwa. Baada ya miaka michache wingi huo ukapungua. Hapo tunajifunza kwamba samaki mmoja akizidi au akipungua, wengine nao huguswa.

HATARI KATIKA PWANI YETU

Samaki-mrija wa kwenye majani hahami kwa urahisi. Malisho yakiharibika, hana pa kwenda. Nini kinaharibu malisho hayo?

Juya au kokoro likiburutwa chini hung'oa majani na kuzoa watoto wa samaki. Vyandarua navyo, kwa kuwa matundu yake ni madogo, havimwachi hata mtoto wa tasi. Baruti huvunja matumbawe na kuua kila kilicho karibu. Mikoko ikikatwa ovyo, udongo huporomoka baharini na kuyafunika majani. Hata kilimo cha mwani kinaweza kudhuru, ikiwa mkulima anang'oa majani ili apate nafasi ya kupigilia vigingi.

Majani yakiisha, tasi anayeyala anakosa chakula. Watoto wa changu na kamba wanakosa pa kujificha. Mvuvi naye analazimika kwenda mbali zaidi, na kurudi na kidogo. Hasara hiyo inaingia mpaka jikoni.

TUFANYE NINI?

Kenya ilipiga marufuku juya la ufukweni mwaka 2001. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa baruti na kwa sumu. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, inalinda matumbawe, mikoko na majani pia. Lakini sheria peke yake haikai ufukweni usiku na mchana. Wanaokaa hapo ni sisi.

Kwa hiyo:
• Tumia wavu wenye matundu ya kutosha, na usiuburute juu ya majani.
• Ukimkuta samaki-mrija yungali hai, mrudishe majini. Huenda ni dume mwenye mayai.
• Mkulima wa mwani, chagua mahali penye mchanga mtupu.
• Ukiona mtu anavua kwa baruti, toa habari kwa kamati ya wavuvi au serikali ya kijiji.
• Usinunue wala kuuza farasi-bahari waliokaushwa. Tangu mwaka 2004 biashara yao kati ya nchi na nchi inadhibitiwa kwa mkataba wa mataifa.

Mkulima hachomi ghala lake akitafuta panya. Vivyo hivyo mvuvi asing'oe malisho akitafuta samaki wa siku moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini samaki-mrija anahitaji mahali pa kujificha?
2. Taja tofauti kati ya mwani na majani ya baharini.
3. Katika kijiji chenu, majani ya baharini yameongezeka au yamepungua? Waulizeni wazee.
4. Ni uvuvi gani unaoharibu malisho kwenu, na mtauzuiaje?