Bastola Ikikuchoma Kiunoni, Usiilaumu Ala

"Afande, hii kitu inanichoma tumbo nikikaa. Nikiitoa kwenye ala nikaichomeka hivi hivi, haina shida, si ndiyo?"

Si ndiyo. Nimeulizwa hivyo hapa Musoma na wafanyabiashara wa samaki wa Mwigobero, na wenye maduka wa Nyasho, na jamaa wanaopanda bodaboda kwenda Buhemba kununua dhahabu. Jirani zangu wa hapa Kamunyonge wameniuliza hata msibani. Hakuna anayekuja kujifunza. Kila mmoja keshaamua, anataka tu baraka zangu. Baraka sina. Atakayeuliza tena atapewa makala hii asome.

Naandika kwa mwenye leseni tu. Kama hukuanzia serikali ya mtaa ukafika polisi na kumaliza yote yanayodaiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, tatizo lako ni kubwa kuliko tumbo kuchomwa. Peleka silaha kituoni.

Sasa tuishughulikie hiyo imani. Nakubali jambo moja: bastola isiyo na ala, ukiichomeka mbele kati ya kitovu na nyonga, kwa dakika chache za mwanzo huwa nafuu. Haichomi kwa sababu inatembea. Ukikaa inaegea upande, ukiinama inapanda, ukinyanyuka inashuka. Nyama ikilalamika, chuma kinahama. Kwa hiyo kile unachokiita starehe maana yake ni kwamba silaha yenye risasi haina mahali pake mwilini mwako, na wewe umefurahi.

Kazi ya ala si kupamba kiuno. Ala inafunika kifyatulio kisiguswe na kitu chochote, inaishika bastola isizunguke, na inaielekeza upande mmoja siku nzima. Ukiivua umeondoa vyote vitatu ili upate nafasi ya unene wa kidole. Chukua hiyo Glock ambayo wengi wenu mnaipenda. Haina sefti ya kusukuma kwa kidole gumba. Ina ulimi mwembamba katikati ya kifyatulio, na ulimi huo unazuia kifyatulio kisirudi nyuma chenyewe. Hauna macho. Haujui kama kilichoubonyeza ni kidole chako, pindo la shati lililokusanyika, au kile kifundo cha plastiki kinachoning'inia kwenye kamba ya jaketi. Ukipata msukumo wa kilo mbili na nusu hivi, risasi inatoka.

"Yangu ina sefti, Afande." Umeiangalia saa ngapi? Sefti inayosuguana na tumbo na mkanda kutwa nzima bila ala inaweza kushuka bila wewe kusikia. Na wapo wenye bastola kuukuu za Kichina, zile Type 54 zilizonakiliwa kutoka TT ya Warusi, wanaonihakikishia kwamba zina sefti. Type 54 ya asili haina. Ina kingo ya kuizuia nyundo nusu njia tu, na kuiamini hiyo ikiwa na risasi chemba ni kucheza na maisha.

Ushahidi upo. Novemba 2008, Plaxico Burress, mchezaji maarufu wa New York Giants, timu ya mpira wa Kimarekani, ambaye miezi tisa tu kabla aliudaka mpira ulioipa timu yake ubingwa wa Marekani, aliingia klabu ya usiku ya Manhattan na Glock kiunoni, bila ala. Bastola ikaanza kuteleza kushuka mguuni. Akafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya, akaiwahi kwa mkono. Risasi ikapita kwenye paja lake la kulia. Alipona. Lakini kwa kuwa kibali cha kubeba silaha New York hakuwa nacho, mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Huyu alikuwa mtu anayelipwa kwa wepesi wa mikono yake. Wewe una wepesi kumzidi?

Yeye alipigwa pajani. Bastola ya mbele inaelekeza mtutu kinenani au kwenye mkunjo wa paja, na katikati ya mkunjo huo, karibu kabisa na ngozi, unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu mguu mzima. Ukipasuka, damu inaweza kumwisha mtu kwa dakika chache. Na pale juu hapafungiki kamba kama unavyofunga mguu au mkono. Labda mtu akukandamize kwa nguvu zake zote njia nzima. Toka Buhemba hadi hospitali hapa Musoma si safari ya dakika chache, hata dereva akiwa mwendawazimu.

Wapo wajanja. Mmoja ameviringisha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye kitako ili bastola isiteleze. Mpira unashika kitako, sawa, lakini kifyatulio bado kiko uchi, na ukilowa jasho nao unateleza. Mwingine anaifunga kwa leso: amekipeleka kitambaa pale pale nisipotaka kitambaa kifike. Wa tatu ameitia kwenye kimfuko laini cha simu. Wa nne ana ala ya ngozi aliyorithi, imelegea kama ulimi wa mbwa, ukingo wake umejikunja kwa ndani. Siku anairudisha bastola, ule mkunjo unaingia kwenye kifyatulio na kukaa mahali pa kidole. Ala ya namna hiyo ichome moto.

"Basi mimi sikoki." Afadhali, na sitakukataza. Chemba ikiwa tupu, umeondoa hatari kubwa kuliko zote. Lakini bastola isiyo na ala itadondoka tu, iwe imekokiwa au haijakokiwa. Itadondoka ukiruka kwenye Noah, ukikimbilia boti, na hasa ukichuchumaa. Vyoo vyetu vingi ni vya shimo. Fikiria unavyokwenda kuripoti kituoni kwamba silaha uliyokabidhiwa kwa dhamana iko chini ya choo cha baa.

Na wanaokimbilia bastola ndogo wakidhani udogo ni dawa? Mara nyingi wanarudi wakilalamika vile vile. Mtutu wa Glock 26 una sentimita 8.7, wa Glock 17 una 11.4. Ile fupi haina sehemu ya kutosha chini ya mkanda ya kuegemea, kwa hiyo kitako kizito chenye magazini iliyojaa kinaivuta nje na kuigeuza, na ncha ya chini inakuchimba. Ndiyo maana mafundi wengine huiweka bastola fupi kwenye ala ndefu makusudi.

Kinachochoma ni mgandamizo uliokusanyika mahali padogo. Usambaze, basi. Mambo ni haya, nayapitisha haraka kwa sababu hakuna gumu hata moja.

Mkanda kwanza. Huo wa mtumba uliolegea tupa. Tafuta wa ngozi ngumu ya tabaka mbili, upana wa sentimita nne hivi. Mkanda mlegevu unakulazimisha kukaza kupita kiasi, na kukaza huko ndiko kunakochoma. Suruali iongezwe inchi mbili: anayevaa 34 anunue 36. Ala iwe ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa bastola yako, si ya jirani, ifunike kifyatulio chote na ishikwe na mkanda kwa vibanio imara.

Kisha kabari. Kata kipande cha soli ya kandambili kuukuu, kichonge mteremko, kigundishe nje ya ala, upande unaogusa mwili, chini kabisa kwenye ncha. Kinaisukuma ncha mbele na kukirudisha kitako tumboni, hivyo mgandamizo unatandazwa na shati halitokezi. Kigundishe nje, nasema, si ndani ya ala.

Mahali: usiiweke katikati kabisa juu ya mfupa wa kinena wala juu ya mfupa wa nyonga, sogeza kidole kwa kidole hadi upate bonde lililo kati yake. Ikichoma mbavu ukikaa, ishushe. Ikichoma paja, ipandishe. Kwenye gari legeza tundu moja la mkanda kabla ya kukaa, bila kuigusa bastola. Juu ya bodaboda unajikunja mno. Hamishia nyongani, upande wa mkono unaotumia. Mwenye kitambi naye nyongani, asibishane na maumbile.

Ndani vaa singlendi iliyochomekwa, itenganishe ngozi na chuma. Juu, shati la batiki au Kaunda suti vinaficha kuliko jaketi, na havina kamba. Jasho lina chumvi: futa na paka mafuta kila jioni. Ukihisi ganzi au moto upande wa nje wa paja, mkanda au ala inabana neva inayopita karibu na mfupa wa nyonga. Vua siku hiyo hiyo, na isipoisha muone daktari. Kuvumilia si dawa.

Kuvaa: bastola iingie kwenye ala ukiwa umeishika mkononi, mtutu ukielekea pasipo na mtu, ndipo uchomeke vyote pamoja kiunoni. Kuvua vivyo hivyo. Hadharani usiipapase. Siku ya pombe, haitoki nyumbani.

Na jiulize unachokilinda. Wengi wenu mlianza kubeba enzi za kutembea na mabunda ya noti. Leo malipo mengi yanapita benki au kwenye simu, ila bastola haikustaafu. Ukishafanya yote haya na bado inakuchoma, ifungie kwenye kabati la chuma, ufunguo ubaki nao wewe. Sijapata kusikia mtu aliyepigwa paja na bastola iliyo kabatini.