Vita Visivyo na Mshinde

Mwishoni mwa Juni 1977 wanajeshi wa Somalia walikivamia kituo cha mpakani cha Rhamu na kuua askari wa Kenya. Hawakuwa na haja na Rhamu. Walikuwa wakitafuta njia ya kuingilia mkoa wa Sidamo, ng'ambo ya mto Daua, ili wampige Mwethiopia kutoka ubavuni, na mji huo ulikuwa njiani. Rhamu iko karibu kilomita 80 magharibi mwa mji wa Mandera, katika pembe ambayo Kenya, Ethiopia na Somalia zinakaribiana mno. Kwa sababu ya jiografia tu, wakazi wake wamesoma siasa za Pembe ya Afrika kuliko wengi wetu tunaozisoma vitabuni.

Ukiuliza kwa nini vita vya Somalia vimedumu tangu 1991, utapewa moja ya majibu mawili. Kuna wanaosema ni ukoo: Msomali hawezi kutawaliwa na asiye wa ukoo wake. Na kuna wanaosema ni wageni: mataifa yanakataa nchi ile ipumue. Mimi naona kila jibu likisimama peke yake linapwaya, na Rhamu yenyewe ni ushahidi.

Koo ziko Mandera kama zilivyo Somalia. Kati ya 2012 na 2014 Wagarre na Wadegodia walipigana Rhamu na vijiji vya jirani. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, familia zikahama. Sababu zilikuwa zilezile za kila mahali: malisho, visima, mipaka ya maeneo na, baada ya ugatuzi kuanza 2013, nani atashika kaunti na bajeti yake. Bunduki zilikuwepo, na kila upande uliutuhumu mwingine kwa kuleta wapiganaji kutoka ng'ambo. Hata hivyo mwaka 2014 wazee wa pande mbili walikaa na kutia saini mapatano. Amani hiyo si kamilifu. Imetikisika mara kadhaa. Lakini mapigano yalifika mahali pa kusimama, kwa sababu hakuna upande uliokuwa na dola la kigeni la kuugharamia mwaka mwingine wa vita. Risasi zilipoadimika na mifugo ilipokosa soko, diya, yaani fidia ya damu, ikawa nafuu kuliko kisasi.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Somalia, asiyekubali kushindwa hupata mfadhili. Hapo ndipo ukoo na mgeni wanapokutana. Ukoo unampa kiongozi wapiganaji ambao hawahitaji mshahara mkubwa wala mahubiri marefu. Mgeni anampa fedha, silaha na mahali pa kukimbilia anapozidiwa. Mgeni naye ananufaika, maana kumfadhili mbabe mmoja wa mpakani ni rahisi mno kuliko kupeleka jeshi lake mwenyewe.

Mtindo huu ni mkongwe kuliko vita vyenyewe. Katika miaka ya 1980 Siad Barre, rais wa Somalia, aliwahifadhi waasi waliompiga Mengistu wa Ethiopia, na Mengistu akawahifadhi waasi waliompiga Barre. Wakubwa wa dunia nao walibadilishana viti: Moscow, iliyoijenga Somalia kijeshi, ilihamia Ethiopia mwaka 1977, kisha Washington ikamchukua Barre. Aprili 1988 wapinzani hao wawili walipatana kwamba kila mmoja aache kuwalea waasi wa mwenzake. Ungetarajia utulivu. Badala yake waasi wa SNM, ambao msingi wao ulikuwa ukoo wa Isaaq, waliona wanafukuzwa kwenye maficho yao Ethiopia, wakaivamia kaskazini mwa Somalia mwezi uliofuata. Barre aliujibu uvamizi huo kwa kuubomoa mji wa Hargeisa kwa mizinga na ndege. Kufikia Januari 1991 alikuwa ameikimbia Mogadishu, na baadaye akapita Kenya kuelekea uhamishoni.

Waliomng'oa Mogadishu walitoka ukoo mmoja mkubwa, Hawiye. Hilo wapenzi wa nadharia ya ukoo hulipita haraka. Jenerali Aidid, wa Habar Gidir, na Ali Mahdi, wa Abgaal, waliigawa Mogadishu vipande viwili na kupigana kuanzia Novemba 1991. Ukoo wa Kisomali hugawanyika kadiri ugomvi unavyotaka: leo sisi ni Hawiye, kesho ni Abgaal, keshokutwa ni jamaa wa babu mmoja. Kwa hiyo mgeni anayetafuta mlango hakosi ufa.

Kama ningeruhusiwa mfano mmoja tu wa ushindani wa kigeni unavyorefusha vita, ningechagua mikutano ya amani. Mwishoni mwa 1996 Ethiopia iliwakusanya viongozi wa makundi mjini Sodere, wakaafikiana kuunda baraza. Hussein Aidid, mwana wa Jenerali, hakwenda. Desemba 1997 Misri, ambayo macho yake hayatoki kwenye maji ya Nile na kwa hiyo hayatoki kwa Ethiopia, iliitisha mkutano wake Cairo. Hussein akaenda, safari hii Abdullahi Yusuf, mshirika wa Addis Ababa, ndiye aliyetoka nje. Mwaka 2000 Djibouti ikaandaa mkutano wa Arta, ikazaliwa serikali ya mpito iliyopendwa na nchi za Kiarabu. Mwaka uliofuata Ethiopia ikawakusanya wapinzani wa serikali hiyo katika baraza lao. Ndipo Kenya ikaanzisha mazungumzo yaliyoanzia Eldoret 2002 na kuishia Mbagathi, na Oktoba 2004 Abdullahi Yusuf akachaguliwa rais, kura zikipigwa Kasarani, Nairobi. Miaka minane ya mikutano, na kila aliyekosa kiti kwenye meza moja alijua kuna meza nyingine inatandikwa.

Muda wote huo silaha zilikuwa zimepigwa marufuku na Umoja wa Mataifa, tangu Januari 1992. Ripoti ya wachunguzi wa umoja huo ya Novemba 2006 ilitaja nchi kumi zilizodaiwa kuivunja marufuku hiyo.

Mwaka huo wa 2006 ulileta sura nyingine, ya dini. Wasomali karibu wote ni Wasuni wa madhehebu ya Shafii, kwa hiyo asiyewajua hudhani hawana la kugombania. Lipo. Uislamu wao wa jadi ni wa tarika: Qadiriyya, Salihiyya, ziara kwenye makaburi ya mawalii, dhikri usiku. Al-Shabaab, wapiganaji waliotokana na Mahakama za Kiislamu za mwaka huo, waliyaona hayo kuwa shirki, wakaanza kuyabomoa makaburi. Ahlu Sunna Waljamaa, kundi la Wasufi wa mikoa ya kati, lilishika bunduki mwaka 2008 kuwapinga. Wasufi hao walikuwa na haki ya kujitetea. Lakini tazama waliokuwa nyuma ya pande zote mbili: Eritrea ilituhumiwa kuwasaidia maadui wa serikali ya Mogadishu, hadi ikawekewa vikwazo mwaka 2009, wakati Ethiopia iliwaunga mkono Ahlu Sunna. Ugomvi wa Asmara na Addis Ababa kuhusu mpaka wao wenyewe ukapata uwanja katika mkoa wa Galgaduud. Na Ahlu Sunna, baada ya miaka ya kuwapiga al-Shabaab, Oktoba 2021 walikuwa wakipigana na majeshi ya serikali mjini Guriel.

Kuhusu nchi za Ghuba nitasema kwa ufupi, maana mtindo haubadiliki. Mgogoro wa Qatar na majirani zake ulipolipuka 2017, Imarati ilikuwa na bandari na wanajeshi wa kufundisha, Uturuki ilifungua kambi kubwa ya mafunzo Mogadishu mwaka huohuo, na serikali za majimbo zikagombana na serikali kuu kuhusu rafiki wa kumfuata.

Linalotuhusu zaidi sisi wa upande huu wa mpaka ni Gedo. Kenya ilivuka mpaka Oktoba 2011 na kumsaidia Ahmed Madobe, wa ukoo wa Ogaden, kuitwaa Kismayo. Jubaland, jimbo analoliongoza Madobe, ikawa ngao yetu. Lakini Gedo, mkoa wa Jubaland unaopakana na Mandera, una Wamarehan wengi, na Rais Farmaajo wa Somalia alikuwa Mmarehan. Madobe alipochaguliwa tena kuiongoza Jubaland Agosti 2019, Mogadishu ilimkataa, Ethiopia ikaegemea Mogadishu, Kenya ikabaki na Madobe. Nchi mbili zenye majeshi katika kikosi kimoja cha Umoja wa Afrika, kila moja na mtu wake.

Abdirashid Janan anaifafanua hali hii vizuri kuliko nadharia yoyote. Alikuwa waziri wa usalama wa Jubaland, naye ni Mmarehan. Alikamatwa Mogadishu 2019, akatoroka Januari 2020, na serikali ya Somalia ikailaumu Kenya kwa kumhifadhi Mandera. Machi 2020 wapiganaji wake na majeshi ya serikali walipigana Bula Hawa, mji wa Gedo ulio mkabala na Mandera, na risasi zikavuka hadi Mandera. Machi 2021 akapatana na Mogadishu. Julai 2025 Bula Hawa ilipowaka tena, Janan alikuwa upande wa serikali kuu, akiwapiga wa Jubaland. Ukoo wake haukubadilika hata siku moja. Aliyebadilika ni mfadhili.

Wanaotafuta mfano wa kinyume hutaja Borama, ambako mwaka 1993 wazee wa Somaliland, yaani kaskazini iliyojitenga, walikaa kwa miezi, kwa gharama iliyotoka zaidi kwa jamii zao, wakatoka na serikali. Ni mfano mzuri, ingawa vita vya Las Anod vya 2023 vimeonyesha kwamba hata huko mapatano yana ncha zisizofungwa.

Kenya haiwezi kujifanya msuluhishi Somalia huku ikiwa na mtu wake Kismayo. Sera ya ngao ilikusudiwa kuvizuia vita visifike kwetu, na kipimo chake ni Mandera. Agosti 2025 viongozi wa kaunti walilalamika hadharani kwamba wanajeshi wa Jubaland waliokimbia Bula Hawa wamepiga kambi mjini mwao, wakataka waondolewe.