Je, Wajua? Mgonjwa wa Kifua Anayekata Pumzi Usingizini

Mtu mwenye kifua sugu akifika kliniki huulizwa anakohoa tangu lini, makohozi yana rangi gani, na akipanda mlima anahema kiasi gani. Hayo yote ni ya mchana. Wiki hii safu yetu inauliza ya usiku, na inamlenga kwanza mkazi wa Buhongwa, upande wa kusini wa Jiji la Mwanza, kwenye barabara iendayo Usagara na Shinyanga.

YANAYOTOKEA USIKU

Je, wajua kwamba katika mkoromo, cha kuogopwa zaidi ni kimya? Mtu anakoroma, sauti inapanda, mara inakatika. Kifua kinahangaika kuvuta, lakini misuli ya koo imelegea na njia ya hewa imejifunga. Kisha anashtuka, anavuta hewa kwa kishindo, anaanza upya. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, wataalamu huhesabu tukio moja la apnea ya usingizi.

Je, wajua ugonjwa huu hupimwa kwa saa? Matukio ya pumzi kukatika au kupungua sana yakiwa chini ya 5 kwa saa, mtu mzima yuko salama. Kuanzia 5 hadi 14 ni apnea hafifu, 15 hadi 29 ni ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Mwenye 30 kwa saa akilala saa 7 amekatika pumzi mara 210, na asubuhi hakumbuki hata moja.

Je, wajua ni wengi kiasi gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana apnea ya usingizi ya kiwango fulani.

Je, wajua COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa kwenye mapafu, uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021? Shirika la Afya Duniani linauweka nafasi ya nne kati ya magonjwa yanayoua zaidi duniani. Kati ya wanaokufa nao kabla ya miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Je, wajua mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, apnea na COPD? Mwaka 1985 Profesa David Flenley wa Edinburgh, Scotland, ndiye aliyewataka madaktari waitazame COPD iliyoungana na apnea kama hali inayojitegemea. Si kwamba moja huzaa nyingine: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa COPD isiyo kali haiongezi apnea. Ila yakimkuta mtu mmoja, oksijeni yake usiku hushuka kuliko ya mwenye ugonjwa mmoja tu.

Je, wajua kwa nini hushuka hivyo? Mwenye mapafu mazima huingia kitandani na oksijeni ya asilimia 97 hivi. Akikatika pumzi kidogo, ana akiba. Mgonjwa wa mapafu anaweza kuanza usiku na 90, na hapo damu imefika ukingoni: chini ya kiwango hicho, upungufu mdogo tu wa hewa huporomosha oksijeni kwa kasi.

Je, wajua saa ya ndoto ndiyo mbaya kuliko zote? Katika usingizi wa REM karibu misuli yote hulegea, na kazi ya kupumua hubaki kwa kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, peke yake. Mgonjwa wa COPD mchana husaidiwa na misuli ya shingo na ya katikati ya mbavu. Usiku wasaidizi hao wamelala, na kiwambo chenyewe kimebanwa na mapafu yaliyojaa hewa isiyotoka.

Je, wajua kuamka na kichwa kinachogonga kunaweza kuwa dalili? Hewa chafu ya kaboni isipotoka vizuri usiku, mishipa ya damu ya kichwani hutanuka. Na kuamka mara nyingi kwenda haja ndogo si sukari au tezi dume peke yake: kifua kinapovuta hewa isiyoingia, moyo hunyooshwa na kutoa homoni inayoziamuru figo zitoe maji. Wengine huamka wakipapatika wakadai wamekabwa na jinamizi. Wasichekwe, wapelekwe kupimwa.

KANDA YA ZIWA INAHUSIKAJE?

Je, wajua utafiti uliochapishwa 2018 kutoka vijijini Tanzania uliikuta COPD kwa asilimia 17.5 ya watu wazima waliopimwa? Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja kati ya sita.

Je, wajua si lazima uvute sigara ndipo uugue? Moshi wa kuni na mkaa unatosha, hasa jikoni pasipo na dirisha. Pembeni mwa Ziwa Victoria uko pia moshi wa kukaushia samaki: mwanamke anayegeuza sangara juu ya kuni, macho yakimtoka machozi, anavuta moshi huo saa nyingi kwa siku, mwaka baada ya mwaka.

Je, wajua mawe yanayoipamba Mwanza yana hatari yake? Miamba hii ni itale, na itale ina silika. Anayeponda kokoto bila kujikinga huvuta vumbi lake laini, ambalo huacha makovu kwenye mapafu, ugonjwa uitwao silikosisi. Wachimbaji wa dhahabu wa Geita wanakabiliwa na vumbi la aina hiyo hiyo.

Je, wajua kupona TB si mara zote kupona mapafu? Tanzania ina historia ya kujivunia: mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ulioanza 1977 kwa ushirikiano na Dk. Karel Styblo, ndio uliozaa mfano wa matibabu uliosambazwa na Shirika la Afya Duniani kwa jina la DOTS. Dawa huua vimelea, lakini makovu hubaki, na mwenye makovu huingia usiku akiwa na akiba ndogo ya hewa.

Je, wajua Mwanza iko juu kuliko wengi wanavyodhani? Uso wa ziwa uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa asilimia kama 12 hadi 13 kulinganisha na Dar es Salaam. Mzima hahisi kitu. Mwenye mapafu mabovu, akiba yake inazidi kupungua.

UNACHUNGUZWAJE?

Je, wajua shahidi mkuu wa ugonjwa huu ni anayelala na mgonjwa? Mgonjwa mwenyewe yuko usingizini. Chumbani kwa daktari mambo huwa hivi:

"Shikamoo mzee. Usingizi unaupata?"

"Marahaba mwanangu. Nalala vizuri tu."

"Na wewe mama, baba akilala anakoroma?"

"Mwanangu, anakoroma mpaka bati linaitika. Lakini kukoroma nimeshazoea. Kinachonitisha ni akinyamaza."

Jibu hilo la mama lina uzito kuliko dakika kumi za maelezo ya mzee.

Je, wajua uchunguzi wa kwanza ni maswali manane na futi ya fundi cherehani? Dodoso la STOP-Bang lilitungwa Toronto, Kanada, na Dk. Frances Chung na wenzake, likachapishwa 2008. Linauliza: unakoroma kwa sauti? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona ukikata pumzi? Una shinikizo la damu? BMI yako (uzito ukilinganishwa na urefu) inazidi 35? Umri umepita miaka 50? Shingo inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanaume? Kila "ndiyo" ni alama moja. Alama 0 hadi 2, hatari ni ndogo. 3 au 4, ya kati. 5 hadi 8, kubwa.

Je, wajua lipo pia dodoso la kusinzia? Dk. Murray Johns wa Melbourne, Australia, alilichapisha 1991, nalo linaitwa Epworth kwa jina la hospitali aliyofanyia kazi. Hali nane, kama kukaa unasoma, kutazama televisheni au kuwa abiria kwenye gari, kila moja hupewa alama 0 hadi 3. Ukipita 10, unasinzia kupita kawaida.

Je, wajua madodoso hayo huyumba kwa mgonjwa wa mapafu? COPD yenyewe huchosha, kwa hiyo "nachoka mchana" haitenganishi magonjwa haya mawili. Tena wagonjwa wengi wa COPD wamekonda, na anayetafuta apnea kwa wanene tu atawapita. Alama ndogo isimrudishe nyumbani mtu ambaye mkewe anasema pumzi hukatika.

Je, wajua wavuvi wa dagaa lazima waulizwe tofauti? Wao hutoka usiku wa giza, na kulala kwao ni mchana. Ukimuuliza "usiku unalalaje?" atakujibu kuwa usiku yuko ziwani.

Je, wajua kipima oksijeni cha kidoleni kinaweza kumlinda mgonjwa usiku kucha? Teknolojia yake ilibuniwa Japani na Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kile chenye kuhifadhi kumbukumbu hutoa mchoro asubuhi. Apnea huchora meno ya msumeno: oksijeni inashuka, inapanda, inashuka tena. COPD peke yake huchora bonde refu, hasa saa ya ndoto. Yakiwapo yote mawili, meno huonekana ndani ya bonde.

Je, wajua kifaa hicho kinaweza kumdanganya mwenye ngozi nyeusi? Utafiti wa Marekani wa Desemba 2020 uliwachukua wagonjwa ambao kifaa kiliwasoma asilimia 92 hadi 96. Damu yenyewe ilipopimwa, asilimia 11.7 ya Weusi walikuwa chini ya 88; kwa Wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Kwa hiyo 92 ya kidoleni, kwa mgonjwa anayehema, si ya kushangilia. Na kidole kisiwe na hina wala rangi ya kucha.

Je, wajua mwaka 2020 jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani, ATS, ilishauri kuwa mgonjwa wa COPD mwenye kaboni nyingi kwenye damu achunguzwe apnea kabla ya kuanzishiwa mashine ya kumsaidia kupumua nyumbani? Sababu ni kwamba mashine hupangwa kwa namna nyingine koo likiwa linajifunga.

Je, wajua njia ya rufaa kwa mkazi wa Buhongwa? Ni zahanati au kituo cha afya kwanza, kisha Sekou Toure, hospitali ya mkoa, na Bugando, hospitali ya kanda iliyofunguliwa 1971. Kipimo kamili cha usingizi, chenye nyaya kichwani na mikanda kifuani, hakipatikani kila hospitali. Ndiyo maana maswali na futi vina thamani: vinaonyesha nani aanze kupelekwa.

NA TIBA?

Je, wajua mashine ya CPAP ilianza na mota ya kifaa cha kufyonzea vumbi? Dk. Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliigeuza isukume hewa puani ili koo lisijifunge. Matokeo ya wagonjwa watano yalichapishwa 1981.

Je, wajua inaokoa? Watafiti wa Hispania, wakiongozwa na José Marín, waliwafuatilia wagonjwa kwa zaidi ya miaka 9 na kuchapisha matokeo 2010. Wenye COPD na apnea wasiotibiwa kwa CPAP walikufa zaidi. Waliotibiwa, vifo vyao havikutofautiana na vya wenye COPD peke yake.

Je, wajua mtungi wa oksijeni peke yake si jibu la apnea? Haufungui koo, na kwa baadhi ya wagonjwa unaweza kuongeza kaboni kwenye damu. Kipimo chake apange daktari.

Je, wajua pombe na dawa za usingizi hulegeza zaidi misuli ya koo? Bia au gongo ya saa nne usiku hudaiwa deni lake saa nane. Dawa ya prednisolone ikitumiwa muda mrefu nayo hunenepesha uso na shingo. Usiiache ghafla, muulize aliyekuandikia. Wengi hupata nafuu wakilala ubavu badala ya chali.

Je, wajua dereva mwenye apnea isiyotibiwa ana hatari ya ajali zaidi ya mara mbili ya mwenzake? Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo ilimpa dereva wa lori nafasi ya kusinzia. Tangu Juni 2025 anapita moja kwa moja juu ya Daraja la J.P. Magufuli, bila nafasi hiyo.

Je, wajua simu yako ni kifaa cha uchunguzi? Mgonjwa akilala, mrekodi video ya dakika mbili tatu, kifua na uso vionekane na sauti isikike. Siku ya kliniki nenda naye, na daktari asipouliza habari za usiku, mwonyeshe hiyo video kabla hajaandika dawa.