Mtoto Mwenye Usonji Anapobalehe

Labda katika nyumba yako, au katika nyumba ya jirani yako, yuko mtoto asiyefanana na wenzake. Ukimwita jina lake hageuki, lakini pikipiki ikipita hufunika masikio. Alichelewa kusema, au hurudia maneno yale yale aliyoyasikia. Hupenda kuzungusha kamba au kupunga mikono. Ukibadilisha njia ya kwenda sokoni, hulia sana. Hali hii huitwa usonji; wanaosoma Kifaransa huiita otisimu. Wengine wenye hali hii husema vizuri na kusoma shuleni. Wengine hawasemi neno hata moja.

Somo letu si juu ya mtoto mdogo. Ni juu ya siku anapoanza kuwa kijana: matiti yanaota, sauti inakuwa nzito, damu ya mwezi inakuja. Wazazi wengi hushtuka. Walifikiri kwamba kwa kuwa mtoto wao hujifunza polepole, mwili wake nao utangoja. Mwili haungoji. Mara nyingi msichana huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, na mvulana kati ya miaka 9 na 14, awe anajua kusema au hajui. Basi yakupasa kumfundisha mapema, maana yeye anahitaji siku nyingi za kujifunza.

SI UCHAWI, WALA SI KOSA LA MAMA

Mwaka 1943 mganga Leo Kanner, huko Baltimore katika Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Kwa miaka mingi baadaye waganga wengine walisema kwamba mama hawakuwapenda watoto wao. Hilo lilikuwa uongo. Leo twajua kwamba mtoto huzaliwa na usonji, na mara nyingi hali hiyo imo katika ukoo. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini kufundishwa kunasaidia sana. Mmoja wa wale 11, Donald Triplett, alifanya kazi katika banki ya mji wake miaka mingi, akajua kuendesha motokari, akafa mwaka 2023 mwenye miaka 89.

Kijana anapopiga kelele au kujipiga, wengine husema, "Huyu ni mchawi." Wanamfunga kamba, wanamnyima chakula, wanampiga ili pepo atoke. Maombi hayakatazwi, lakini fimbo na njaa hazimponyi mtu. Tena Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakataza kumshtaki mtoto kwamba ni mchawi, na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inamwadhibu afanyaye hivyo kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3.

JINSI YA KUMFUNDISHA

Tumia maneno machache, na kila siku yawe yale yale. Mwonyeshe kwa mikono yako. Chora kwa makaa ukutani: maji, sabuni, kwapa, kitambaa. Akitazama picha atajua jambo gani linafuata.

Kama kazi ni ndefu, anza mwishoni. Siku za kwanza mwoshe wewe, naye ajifute tu. Akilijua hilo, ajimwagie maji na kujifuta. Hivyo kila siku humaliza kazi mwenyewe, naye hufurahi.

Shika neno hili: usimfundishe leo jambo utakalomkataza kesho. Mtoto wa miaka 6 akikaa juu ya magoti ya wageni, watu hucheka. Akifanya hivyo na miaka 16, watu watamfukuza au watamwumiza. Mfundishe mapema kusalimu kwa mkono.

MSICHANA

Usingoje damu ije ndipo umweleze. Matiti yakianza kuota, anza. Mama, dada mkubwa au shangazi amwonyeshe kitambaa safi, mahali pa kukiweka katika chupi, na mahali pa kukifulia. Avae kitambaa saa moja au mbili hata kabla ya damu kuja, ili ngozi yake izoee, maana wengi wenye usonji hawapendi kitu kigeni mwilini. Mwambie, "Damu hii si kidonda. Huja kwa mama, huja kwa dada. Itakwisha." Vitambaa vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, si chini ya kitanda. Andika siku kwenye kalenda, upate kujua mwezi ujao. Kama tumbo linamwuma, mwulize mwuguzi kipimo cha dawa ya maumivu.

MVULANA

Mwambie kabla: sauti itabadilika, nywele zitaota, na usiku nguo zaweza kulowa. Hilo si ugonjwa wala haya. Kama anashika sehemu zake za siri mbele ya watu, usimpige wala usimcheke. Sema, "Si hapa," kisha mpeleke chumbani au mpe kazi ya mikono. Mafundisho haya ni kazi ya baba au mjomba. Haifai baba kumwachia mama peke yake na kusema, "Mtoto huyu ni wako."

KUMLINDA

Mtu mwovu hutafuta mtoto asiyeweza kusimulia. Kwa hiyo mfundishe majina ya kweli ya viungo vyote, na kwamba sehemu zilizofunikwa na chupi hazishikwi na watu, ila na anayemsaidia kuoga au mwuguzi anayemtibu. Mfundishe kukataa: kwa neno "hapana", au kwa kutikisa kichwa, au kwa kusukuma mkono. Naye akikataa kukumbatiwa na mjomba, msimlazimishe. Anayelazimishwa kila siku nyumbani atajuaje kwamba njiani anaweza kukataa?

Akitendewa ubaya, mleteni hospitalini siku ile ile, hata kama ameoga. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa ikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Msikae kwanza kupatana juu ya mbuzi na jamaa ya mkosaji.

AKIBADILIKA GHAFULA

Kijana asiyesema akianza kujipiga kichwa, kuuma watu au kukataa chakula, usiseme upesi kwamba ni usonji tu. Tazama jino, sikio, tumbo. Labda hajaenda choo siku nyingi. Labda mwezi unakaribia. Maumivu yamekosa maneno, yanatoka kwa mikono. Mlete tumpime.

Kifafa pia huwapata watu wenye usonji kuliko wengine, na mara nyingine huanza wakati wa ujana. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa mawe na moto karibu naye, wala usimtie kijiko kinywani. Mate yake hayaambukizi kifafa; usiogope kumgusa. Asipotulia baada ya dakika 5, mpeleke hospitalini. Akipewa dawa ya kifafa, asiikatize hata akiona amepona, mpaka mganga aseme.

NINYI JAMAA NA MAJIRANI

Mama wa kijana huyu hulala kidogo. Hawezi kwenda shambani bila kufikiri nani anamtazama mwanawe. Msimwambie, "Pole, mama," kisha mkaondoka. Mmoja akae na kijana Jumanne asubuhi, mwingine Alhamisi, mama apate kulima na kupumzika. Dada zake wasigeuzwe yaya hata wakaacha shule.

Katika ibada, kama ngoma zinamwumiza masikio, akae karibu na mlango, atoke na kurudi bila kutazamwa kwa macho makali. Akiweza kuteka maji au kupanga viti, mpeni kazi hiyo, iwe yake kila juma.

Wewe mzazi uliyemficha kijana wako nyumba ya nyuma, njoo naye katika dispensari. Njoo asubuhi, kabla watu hawajawa wengi, nawe umwambie mwuguzi wa mlangoni kwamba mtoto wako haogopi ugonjwa, anaogopa kelele. Tutawapokea nje, chini ya mti.