Makazi na Mawindo: Askari Anapochagua Mahali pa Kuishi

Mwezi uliopita sajini mmoja, mwenye utumishi wa zaidi ya miaka ishirini, alibisha hodi ofisini petu. Alipiga saluti kama ilivyo desturi, kisha akasimama kimya kama mtu asiyejua aanzie wapi. Tulimpa kiti. Alipokwisha kuketi alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitandaza mezani. Ilikuwa ramani aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe: barabara ya udongo, kijito, miti miwili mikubwa, na mstari uliokolezwa kwa wino, ambao ndio mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls.

"Afande," alisema, "muda wangu wa kustaafu umekaribia. Nimeonyeshwa shamba hapa, upande wa Nwoya, kwa bei ambayo kiinua mgongo changu kitaiweza na kubakiza. Watu wananicheka kwamba ardhi hiyo ni ya pori. Lakini baba yangu alikuwa msasi, naye alitulea kwa mkuki na wavu. Mimi nasema, mahali penye nyama hapana njaa. Wewe waonaje?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia, "Mzee, tuachie ramani yako kwa juma moja." Tulifanya hivyo kwa sababu swali lake si lake peke yake. Askari wengi wa jeshi, polisi na magereza hufikia siku ya kuvua sare wakiwa na fedha mkononi mara moja tu katika maisha yao, na ardhi iliyo karibu na wanyama huwa rahisi kuliko nyingine. Kwa hiyo tumeona ni vema jibu letu lisomwe na wote.

Hekima ya Wazee

Kwanza na ikubaliwe kwamba sajini huyu si mjinga. Kuchagua makao kwa kufuata mawindo ni miongoni mwa hekima za kwanza za binadamu. Huko Ishango, upande wa Kongo, mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta vyusa vya mifupa vya watu walioishi pale yapata miaka 20,000 iliyopita. Watu wale hawakufika pale kwa bahati. Walikaa mahali samaki wanapopita na wanyama wanapokuja kunywa maji.

Nchini Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanaoshika desturi zao huishi katika kambi ndogo za watu wapatao thelathini, nao huhama kwa kufuata maji, matunda, asali na wanyama. Msasi wao akiangusha mnyama mkubwa kama twiga, mara nyingine hawajichoshi kuibeba nyama hadi kambini, bali kambi nzima huifuata nyama pale ilipo. Lakini hata wao wamejifunza kwamba ardhi isiyo na hati huliwa na wengine. Mwaka 2011 walipata hati za kimila za sehemu ya ardhi yao katika bonde la Yaeda.

Hapa kwetu, Waacholi walikuwa na utaratibu ambao afisa yeyote angeusifu. Nyika za mawindo ziligawanywa, na kila moja ilikuwa na mlezi wake aliyeitwa won tim. Wakati wa kiangazi majani yalipokauka, hakuna aliyewasha moto wala kutandaza wavu bila ridhaa yake, na nyama iligawanywa kwa haki inayojulikana na wote. Kwa maneno mengine, hata zamani nyama ya porini ilikuwa na mwenyewe. Anayesema kwamba mababu waliwinda popote walipotaka hakuwauliza mababu.

Somo la Kambi

Tulipokuwa katika chuo cha kadeti, mkufunzi wetu alikuwa akituamuru kuchagua mahali pa kupiga kambi, kisha akitutaka kueleza sababu. Kadeti aliyesema, "Nimepachagua kwa sababu kuna maji," alirudishwa porini kuanza upya. Mkufunzi alitaka kujua pia habari za barabara, afya ya askari, njia ya kurudi nyuma na majirani. Mahali pa kuishi hapachaguliwi kwa sababu moja hata ikiwa nzuri namna gani. Basi na tuipime ramani ya sajini kwa kipimo hicho hicho.

Swali la kwanza ni hili: je, nyama hiyo ni yako? Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, mnyama wa porini ni mali ya taifa hata akiwa amesimama katikati ya shamba lako. Hawindwi bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1996. Anayepatikana na hatia juu ya mnyama aliye katika hatari ya kutoweka aweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni 20, au kufungwa maisha, au vyote viwili. Hakuna kiinua mgongo kinachoweza kubeba mzigo huo. Jirani zetu nao walikwisha kufunga milango yao kwa namna mbalimbali: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania iliusimamisha mwaka 1973 hadi mwaka 1978, ikaufungua tena chini ya leseni.

Swali la pili linatuhusu sisi tuliovaa sare, nasi hatuna budi kulisema bila kuuma maneno. Mwaka 1973 tembo wa Murchison Falls walihesabiwa kuwa yapata 14,000. Ilipofika mwaka 1980 walikuwa wamebaki yapata 1,400. Vifaru wote wa pori katika Uganda walikuwa wamekwisha ilipofika mwaka 1983 au karibu na hapo. Mkuki na wavu wa baba zetu havikuwamaliza wanyama hao. Walimalizwa kwa bunduki za kivita, na baadhi ya bunduki hizo zilishikwa na watu waliokula kiapo cha kulinda nchi. Ilibidi taifa lianze upya na vifaru sita tu katika hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, ambako kazi hiyo ilianza mwaka 2005. Wanne walitoka Kenya na wawili walitoka Marekani. Leo wamepita arobaini, lakini hebu fikirini fedheha ya kwenda kuomba ng'ambo kile tulichokuwa nacho nyumbani.

Kwa sababu hiyo, askari mstaafu anapohamia mpakani mwa hifadhi, majirani humtazama kwa macho mawili. Wako watakaomwogopa, na wako watakaomjia usiku wakimwomba awafundishe kulenga shabaha. Yule wa pili ndiye hatari zaidi, maana huja na pombe na maneno matamu.

Ardhi Rahisi Ina Sababu

Swali la tatu ni kwa nini ardhi hiyo ni rahisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka mwambao wa ziwa na, baadaye, kutoka sehemu za bonde la Naili. Ardhi iliyoachwa na watu ikawa ya wanyama, na mwaka 1952 Murchison Falls ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Pori tunaloliona leo na kulidhania kuwa la tangu kuumbwa ulimwengu, mahali pengine ni mahame ya watu waliokimbia mbung'o. Anayependa kuishi karibu na nyati na ngiri na akumbuke kwamba mbung'o naye anawapenda, na ng'ombe wa mstaafu atakuwa wa kwanza kuugua.

Nyama yenyewe nayo ina hatari zake. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na ikawa lazima wananchi waonywe wasiguse mizoga. Mwaka 2017, huko Kween, penye miteremko ya Mlima Elgon, palizuka ugonjwa wa Marburg. Mgonjwa wa kwanza alikuwa msasi aliyekuwa akiwinda karibu na pango lenye popo wengi. Watu watatu wa ukoo mmoja waliugua, na wote watatu wakafariki.

Swali la nne ni la ulinzi. Mpaka wa hifadhi hauna ukuta kila mahali. Tembo hawajui kusoma ramani, nao hupenda mahindi na mihogo kama tuyapendavyo sisi. Sheria ya mwaka 2019 imeweka mpango wa fidia kwa walioumizwa au kuharibiwa mali na wanyama, nalo ni jambo la kushukuriwa, lakini fidia haiivishi ugali wa jioni ile ile.

Yaliyo Mema

Hata hivyo, tusije tukaonekana kwamba tunawatisha watu wasiishi karibu na hifadhi. Sheria imeagiza kwamba asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini zirudi kwa wananchi wanaozizunguka, nazo hujenga madarasa na zahanati. Aidha, sheria inatambua haki ya kutumia wanyama kwa kibali, uwindaji ukiwa daraja la kwanza la haki hizo. Katika mwaka 2001 jaribio lilianzishwa nje ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambako swala pala walikuwa wakila majani ya mifugo, na watu wakiona heri wanyama hao waishe. Wageni walilipa ili kuwinda idadi iliyowekwa, na sehemu ya fedha ikawaendea wenye ardhi na jumuiya zao. Mnyama aliyekuwa adui wa mfugaji akaanza kuwa na thamani akiwa hai. Lakini na ieleweke kwamba huo ni uwindaji wa hesabu, wenye mlinzi na karatasi. Si kitoweo cha kila Jumamosi.

Tena iko kazi ambayo mstaafu aijua kuliko raia. Kandokando ya Murchison Falls wako wananchi waliofundishwa kuwa walinzi wa vijiji, ambao hukesha wakiwarudisha tembo kwa kelele, tochi na moshi wa pilipili. Wengine hutundika mizinga ya nyuki kwenye waya za mpakani, kwa maana tembo, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Uzio huo humpa mwenye shamba asali pia.

Jibu la Sajini

Juma lilipokwisha sajini alirudi. Tulimsomea haya yote, naye alisikiliza bila kutikisika. Tulipomaliza tulimwambia, "Mzee, usitusadiki sisi. Chukua likizo yako, ukalale pale usiku tatu, bila sare na bila bunduki, ndipo uamue."

Alikwenda. Alirejea akiwa amekonda kidogo na macho mekundu. Alitueleza kwamba jioni ya kwanza aliona kobu kundi zima ng'ambo ya kijito, wakila majani kwa utulivu, akamkumbuka baba yake hadi machozi yakamlenga. Usiku wa pili tembo wakavuka. Alisimama pamoja na majirani, wanaume, wanawake na watoto wa shule, wakipiga madebe na kuchoma pilipili zilizochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Kulipokucha, mahindi ya mjane mmoja yalikuwa hayapo.

"Afande," alisema, "nilikwenda nikidhani mimi ndiye msasi. Kumbe pale mtu ndiye anayewindwa."

Hakulinunua lile shamba. Alinunua jingine, dogo kuliko lile na ghali kuliko lile, mwendo wa saa mbili kutoka mpakani, karibu na shule ya msingi na zahanati. Amekwisha kupeleka mbuzi sita na mizinga minne. Lakini yule mjane hakumtoka moyoni. Amekubaliana na wale majirani kwamba atakapovua sare atakuwa akiwaendea katika majuma ya mavuno, awafundishe vijana wao kupanga zamu, kupeana ishara na kusimama pamoja bila hofu. Kwa kazi hiyo hakudai malipo, ila chakula na mahali pa kulala.

Tulipomrudishia ramani yake aliitazama kitambo, akauliza kama baba yake alikosea kuwalea kwa mawindo. Tulimjibu kwamba hakukosea. Baba yake alichagua makao kwa kutazama nchi ilivyokuwa wakati wake, na mwana naye amefanya vivyo hivyo kwa wakati wake. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akapiga saluti, akaenda zake.

Nanyi ndugu zetu askari mnaokaribia siku hiyo, chukueni kalamu mchore ramani zenu mapema. Wekeni ndani yake maji, shule, zahanati, barabara na majirani. Wanyama nao wekeni, kwa maana ni urithi wetu. Kisha, kabla ya kulipa hata senti moja, nendeni mkalale pale usiku tatu.